Kwa Nini Karanga Huota Kabla ya Kuvunwa

Mama mpendwa, umewahi kung'oa shina la karanga ukakuta punje zimekwisha kuota ndani ya maganda? Akina mama wengi wa Shinyanga na Geita wanalijua jambo hili. Mvua imenyesha mfululizo, baba yuko machimboni, nawe na watoto hammalizi shamba kwa wakati. Majirani husema mbegu ilikuwa mbaya. Sivyo.

Mbegu hulala. Punje inapokua ndani ya ganda, hutengenezwa homoni iitwayo asidi ya absisiki, nayo huizuia isiote ingali changa, ingawa maji na joto vipo. Homoni nyingine, jibereli, huiamsha. Katika karanga iko pia ethilini, hewa ile ile inayoivisha ndizi tukizifunika. Ile ya kwanza ikipungua nguvu, hizi mbili hushinda, na punje huamka.

Lakini karanga zote hazilali sawasawa. Zile zinazosimama wima, za siku 90 hadi 100, kama Pendo iliyotolewa na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, mwaka 1998, zina usingizi mdogo sana au hazina kabisa. Zinatufaa kwa kuwa huwahi kukomaa, ila hazimngoji mtu. Zile zinazotambaa hukomaa polepole na hulala wiki nyingi hata baada ya kuvunwa. Ukizipanda mapema mno zikakataa kuota, usizitupe.

Sisi tunaona heri mama mwenye vibarua wachache apande za aina zote mbili, asije akavuna zote kwa mara moja. Za muda mfupi, anza kuzichunguza kama siku ya 85. Ng'oa mashina machache, pasua maganda, utazame ndani. Mengi yakiwa yamegeuka kahawia, vuna, hata kama ni juma la semina ya akina mama!

Zilizoota usizitie katika nsansa wala uji wa watoto. Ganda lililopasuka huingiza ukungu wenye sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kukaanga, nayo huharibu ini. Za mbegu zianike zikiwa katika maganda yake mpaka ukizitikisa zilie, uziweke mahali pakavu, na kuzibangua iwe siku za kupanda zikikaribia.