Waamerika ao Waingereza? Na Sisi Je?



Majuma matatu yaliyopita, saa nne za usiku, taa zimekwisha kuzimwa, nilisikia kelele katika bweni la pili. Nilipoingia, vitanda vitano vilikuwa bila watu. Wenyewe walikuwa wamejikusanya pembeni juu ya telefone moja, na badala ya kusikiliza walikuwa wanagombana. Mimi kapita wenu nilifanya kile kanuni inasema: nilichukua telefone. Mwenyewe, mdogo wetu wa mwaka wa tatu, akanifuata mpaka mlangoni: “Yaya, unirudishie, haiko yangu, iko ya kaka yangu wa Nairobi.” Nikamjibu ataiona kesho kwa bwana prefe.

Sasa niungame mbele ya wote. Kesho yake sikuipeleka kwa bwana prefe. Nilikaa nayo siku tatu, na nilisikiliza kila kitu kilichokuwa ndani.

Ndani kulikuwa mafungu mawili ya nyimbo. La kwanza liliandikwa Amerika, la pili Angleterre. Ulikuwa muziki unaoitwa punki, rock ya haraka na ya kelele iliyotoka miaka ya 1970. Na ugomvi wa bweni ulikuwa huu: wakubwa ni nani, punki wa Amerika ao punki wa Uingereza? Wa mwaka wa tatu walisimama na Ramones, wa mwaka wa nne na Sex Pistols na The Clash, na ilibaki kidogo wapigane ngumi juu ya watu ambao hawajui hata kama wangali wazima. Ramones wanne wa kwanza wamekufa wote. Wa mwisho wao, Tommy, alikufa mwaka 2014.

Kazi yangu katika shule hii ni kukata maneno ya ufagio, ya ndoo za maji na ya nani alilala bila kuosha miguu. Basi nijaribu kukata na hii.

Walioanza ni Waamerika, hapo hakuna ubishi. Ramones walijikusanya mwaka 1974 huko New York. Hawakuwa ndugu, hata kama wote walijiita kwa jina moja; walikuwa vijana wa mtaa mmoja waliopita katika shule moja ya sekondari. Walikuwa wanapiga katika baa ndogo iliyoitwa CBGB. Wakati ule rock ilikuwa imekuwa kitu cha mafundi: gitaa moja inalia peke yake dakika kumi, watu wamekaa wanatazama vidole. Ramones waliondoa hayo yote. Sahani yao ya kwanza, ya Aprili 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. (Kwaya yetu katika muda ule ingekuwa ingali inatafuta sauti.) Wanahesabu moja mpaka ine, wanaanza, wanamaliza. Mtu anayejua kushika gitaa majuma mawili anaweza kufikiri: hata mimi ningeweza. Njo nguvu yao ile.

Lakini sikilizeni maneno yao. Wanaimba juu ya kukaa bila kitu cha kufanya, juu ya wasichana, juu ya sinema za kutisha. Ni mchezo, na mchezo mzuri. Serikali haimo, njaa haimo.

Waingereza walichukua ufundi ule ule wakaupa kazi nyingine. Mwaka 1976 Uingereza ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 bila kazi, na vijana waliotoka shuleni walikuwa wanajua mahali wanapokwenda: kupanga mstari. Sex Pistols walipotoa wimbo wao juu ya Malkia, mwaka 1977, nchi nzima ilikuwa inajitayarisha kusherehekea miaka yake 25 ya kutawala. Redio BBC ikaukataa. Hata hivyo ulipanda mpaka nafasi ya pili katika mauzo ya nchi. Mimi sipendi matusi yao, na mtoto wa kwetu asiyaige. Lakini lazima niseme ukweli: ule ni wimbo wa mtu mwenye neno tumboni. The Clash nao waliingiza reggae ya Wajamaika waliokuwa jirani zao katika mitaa ya London, kitu ambacho Ramones hawakukigusa.

Wenzetu wa mwaka wa tatu wanasema: Waingereza walijifunza yote usiku ule Ramones walipopiga London, tarehe 4 Julai 1976. Hapo ninyi mnakosa. Usiku ule ule Sex Pistols walikuwa wanapiga Sheffield, mbali na London, na The Clash walikuwa pamoja nao kwa mara yao ya kwanza mbele ya watu. Haiwezekani ujifunze kwa mwalimu na wewe uko katika darasa lingine. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka pande zote mbili.

Hukumu yangu ni hii: Waamerika walipata njia, Waingereza walipata neno. Kama utanilazimisha kuchagua, ninachagua neno. Wa mwaka wa nne wasishangilie mno, maana sijamaliza.

Siku ya tatu, nimekaa nyuma ya jiko nikisikiliza telefone ya wenyewe kama mwizi, wazo moja likanijia. Ugomvi huu tunao hapa kwetu, na sisi tunaukata kila siku bila kuuchunguza. Jumamosi jioni, mtu akiweka muziki wa Kinshasa, wote wanasimama. Mtu akiweka orkestre ya Wakongo wale waliokwenda Dar es Salaam na Nairobi, wanaoimba Kiswahili, ninyi mnacheka. Mnasema: hiyo ni ya wazee, hiyo ni kopi, muziki wa kweli uko Kinshasa. Nani aliwaambia?

Kinshasa wana haki yao, siwanyimi. Na kama mnatafuta Ramones wetu, wako pale, tena walitangulia. Zaïko Langa Langa ilizaliwa tarehe 24 Desemba 1969, miaka mitano mbele ya Ramones. Walikuwa vijana, wengine wangali wanafunzi: Nyoka Longo alikuwa na miaka 16, Papa Wemba 20. Wakati ule wakubwa walikuwa Franco na OK Jazz yake, wenye matarumbeta na watu wengi jukwaani. Vijana wale wakasema hatuhitaji matarumbeta. Wakaweka gitaa mbele, batri nyuma yake, waimbaji kundi zima, na watu wakaruka. Waliondoa kitu, kama vile Ramones waliondoa, na katika kile walichoondoa nafasi ilipatikana ya vijana wengine: orkestre nyingi za Kinshasa zilizofuata zilitoka ndani ya Zaïko ao zilifuata njia yake. Papa Wemba mwenyewe alitoka akaunda Viva La Musica mwaka 1977. Alikufa mwaka 2016 huko Abidjan, jukwaani, akiwa anaimba.

Lakini maneno? Mapenzi, mapenzi, tena mapenzi. Ninajua, wakati wa Mobutu mtu hakuwa huru kuimba kila kitu. Na mapenzi si kitu kidogo. Ila mimi mtoto wa Kivu ninaruka na wimbo ambao nusu yake sielewi, sababu Lingala yangu ni ya kuombea sigara tu. (Bwana prefe, ni mfano. Sivuti.) Ulizeni kwanza wale wanaoruka mbele kabisa Jumamosi wawatafsirie hata mistari miwili. Mimi niliwauliza. Mmoja alinijibu: “Anasema anampenda.” Nani? “Mwanamke fulani.”

Sasa tuwatazame wale waliovuka. Wengi walitoka pande zetu hizi za mashariki na Katanga, wakapita Zambia ao Uganda, wakafika Nairobi na Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Super Mazembe (msiichanganye na timu ya mpira) ilifika Nairobi mwaka 1974. Les Mangelepa iliundwa pale pale Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki waliomwacha Baba Gaston. Maquis ilikaa Dar es Salaam. Samba Mapangala ni mtu wa Matadi, kule karibu na bahari. Orkestre yake ya kwanza ya Nairobi iliitwa Les Kinois, yaani watu wa Kinshasa. Baadaye akaunda nyingine, na hii akaiita Virunga. Mtu wa Matadi amechukua jina la milima yetu ya moto akalipeleka Nairobi, na sisi tunaokaa karibu nayo hatujui!

Hapa mfano wangu wa punki unavunjika kidogo, sitaficha. Hawa waliovuka hawakutupa matarumbeta. Waliyashika. Ule mdundo wa batri unaoitwa cavacha, uliojulikana kwa Zaïko, wao waliupokea wakauchanganya na saksafoni za zamani. Ndiyo sababu mnasema ni muziki wa wazee. Kwa masikio, sawa, ninakubali kidogo. Lakini walifika mahali ambapo Lingala haikueleweka, na walipaswa kula. Ikawa lazima waimbe Kiswahili, na ukiimba lugha ambayo watu wanaelewa kila neno, huwezi kuwajaza hewa masikioni. Lazima useme kitu.

Aliyesema kuliko wote ni Remmy Ongala. Mnajua alizaliwa wapi? Kindu, mwaka 1947, na wakati ule Maniema na Kivu vilikuwa jimbo moja. Viligawanywa mwaka 1988 tu. Ni mtoto wa kwetu. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kupiga na Orchestra Makassy, kiisha akaongoza Super Matimila. Aliimba juu ya kifo. Aliimba juu ya mnyonge asiye na haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliimba juu ya kujilinda na ukimwi, kwa maneno ya wazi mno, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga wimbo ule. Watu wakaujua vilevile. Mnaona? Redio imefunga mlango, wimbo umepita dirishani, sawasawa na ule wa London. Tofauti ni kwamba Remmy hakuimba kusudi amtukane mtu. Aliimba kusudi watu wasife.

Wengine wataniambia: angalia, mwishoni aliacha hayo yote akarudi kwa nyimbo za Mungu. Ni kweli, miaka yake ya mwisho aliimba injili, mpaka alipokufa Desemba 2010. Mimi ninauliza tu: mtu anayewakumbusha watu kwamba watakufa, na kwamba maskini ni mtu, alikuwa mbali gani na mahubiri tunayosikia hapa kila Jumapili? Mchungaji akisoma gazeti hili atanijibu.

Basi hukumu ya pili inafanana na ya kwanza. Kinshasa walipata njia. Neno letu lilipatikana Dar es Salaam na Nairobi, na lilipatikana na watu wa kwetu, kwa lugha tunayotumia hapa Lwiro tukinunua maharagwe ku soko. Tunaliita kopi sababu halikupita Kinshasa. Sioni sababu nyingine.

Nilipeleka jambo hili kwa kamati ya sikukuu ya wafinalisti. Orodha ina nyimbo kumi na mbili, na zote kumi na mbili ni za Lingala. Niliomba moja tu itoke, Remmy aingie ao Super Mazembe. Tulipiga kura. Watatu walikubali, tisa wakakataa. Mmoja wa wale tisa ni rafiki yangu wa kitanda cha juu, na ananiambia ya kama siku ile wazazi wa Bukavu watakuwepo, wataona sisi ni watu wa kijijini. Kiswahili kimekuwa lini lugha ya aibu mbele ya wazazi wa Bukavu? Wao wenyewe wanatukaripia kwa Kiswahili. Kura ni kura, lakini sikukuu ingali mbali ya juma moja na nusu, na wasomaji wa kurasa hizi wana midomo. Wajumbe wa kamati mnawajua, wanakula meza ya karibu na dirisha.

Ile telefone niliirudisha Jumapili baada ya ibada, na nilimwomba mdogo wangu msamaha kwa zile siku tatu. Baba yangu mdogo, aliyefanya kazi ya lori miaka mingi njia ya Kampala, alinipa nyimbo, na nimemwekea mwenye telefone fungu la tatu kando ya Amerika na Angleterre. Jana alinisimamisha karibu na bomba la maji. Anasema gitaa ni tamu, maneno ameyashika yote, lakini ule wimbo wa kifo ni mrefu mno, kwa nini Remmy hakuhesabu moja mpaka ine akamaliza?

Kapita wenu, mwaka wa sita