Kisenge: wazee wetu wafundishwe kusimama imara, hotuba peke yake haitoshi

Mzee akianguka, jibu letu la kwanza ni moja: «Ni uzee.» Jibu la pili, ambalo mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba kuna mtu amemfanyia kitu. Majibu haya mawili yanafanana kwa jambo moja: yote yanatuondolea kazi. Kama ni uzee, hakuna la kufanya. Kama ni uchawi, tunamtafuta mchawi huku mfupa uliovunjika ukingoja.

Mimi nasema kuna jibu la tatu. Wazee wengi huanguka kwa sababu zinazojulikana, na sehemu kubwa ya sababu hizo inaweza kuzuiwa kwa mafunzo ya kila wiki, katika mtaa wenyewe, bila mashine wala hospitali mpya. Kisenge ni mahali pazuri pa kuanza.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Hapa kwetu tunahesabu malaria, surua na kipindupindu, na ni vizuri. Lakini mzee aliyeanguka njiani kuelekea chooni usiku, akalala kitandani miezi miwili, kisha akafa kwa homa ya mapafu, nani anamhesabu kama mtu aliyeuawa na kuanguka?

Kisenge kuna sababu yake ya pekee ya kufikiria wazee. Huu ni mji uliojengwa na manganezi. Tangu miaka ya 1950 madini yalitoka hapa kwa gari la moshi, yakapita Dilolo na kuvuka Angola hadi bandari ya Lobito. Vita ya Angola ilipofunga reli hiyo mwaka 1975, mji ulipoteza njia yake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku zile leo amefika miaka 70 hivi. Kizazi kile cha mugodi kimezeeka, na wajane wa wenzao pia. Wengi wao hawakai kupumzika: wanalea wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda kutafuta kazi Kolwezi au Lubumbashi.

Kwa hiyo nkambo akivunja nyonga, anayeumia si yeye peke yake. Mtoto wa shule anabaki nyumbani kumtunza. Shamba la mihogo linakaa bila kupaliliwa. Upasuaji wa nyonga si kazi ya kituo kidogo cha afya. Jamaa inapaswa kufikiria safari ndefu ya kwenda Kolwezi au zaidi, na kila kitu kinalipwa kutoka mfukoni. Ndiyo maana wengi wanaamua kumwacha mzee alale tu, au kumwita mtu wa kukanda. Wanaoitwa wakatili kwa uamuzi huo mara nyingi ni watu wasio na pesa.

Sasa tuseme juu ya mafunzo yenyewe. Katika nchi yetu neno «semina» limeharibika. Tunajua jinsi inavyokuwa: bango ukutani, fulana, hotuba tatu, picha ya pamoja, chupa ya maji, pesa za usafiri, basi. Semina ya namna hiyo haitamsaidia mzee hata mmoja kubaki wima. Ushahidi kwamba maelezo peke yake hupunguza kuanguka ni hafifu. Kinachopunguza ni miguu kufanya kazi.

Mwaka 2019, watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 108 yaliyohusu wazee zaidi ya 23,000 wanaoishi nyumbani kwao. Mazoezi yalipunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Mengi ya majaribio hayo yalifanyika katika nchi tajiri, lakini msuli wa paja haujui pasipoti. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand kilitengeneza mpango rahisi: mazoezi ya nguvu za miguu na ya usawa wa mwili mara tatu kwa wiki, pamoja na matembezi. Kuanguka kulipungua kwa karibu asilimia 35. Jambo linalotuhusu zaidi ni hili: wauguzi wa kawaida waliofundishwa waliweza kuusimamia. Na wauguzi tunao.

Mazoezi yenyewe hayahitaji mtaalamu kutoka Kinshasa. Mzee anakaa kwenye kiti imara, anasimama bila kujisukuma kwa mikono, anakaa tena, mara tano, kisha kumi kadiri nguvu zinavyorudi. Anashika ukuta na kuinuka kwa vidole vya miguu. Anatembea kwa mstari, kisigino mbele ya vidole, mtu akiwa kando yake. Anapiga hatua za upande. Na kwa kuwa Wachokwe na Walunda hawajawahi kukosa ngoma, hatua hizo zinaweza kufuata ngoma, na wazee watarudi wiki inayofuata. Kurudi ndiko kwenye maana, kwa sababu faida inakuja baada ya miezi, na inapotea mtu akiacha.

Baada ya mazoezi, dakika chache za mambo ya nyumbani. Ukiamka usiku, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu dawa za presha zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama haraka. Weka tochi karibu. Funga kamba au mti wa kushika kwenye njia ya choo, na mwaga changarawe pale panapoteleza wakati wa mvua. Acha ndala zilizolegea. Ukiona ukungu machoni, nenda ukapimwe mtoto wa jicho. Na kwa jamaa: mzee akianguka asiweze kusimama, mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, msimvute wala kumkanda, huenda nyonga imevunjika.

Kuna jambo lingine ambalo Kisenge haina haki ya kulisahau. Vumbi la manganezi, mtu akilivuta kwa miaka mingi, linaweza kudhuru ubongo. Daktari John Couper aliliandika jambo hili mwaka 1837, baada ya kuona wafanyakazi wa Scotland waliosaga madini hayo wakipoteza nguvu za miguu. Baadaye lilionekana pia kwa wachimbaji wa Chile: mwendo unabadilika, mwili unakakamaa, mtu anaangukia nyuma. Sisemi kila mzee wa mugodi anayeyumba ana ugonjwa huo. Nasema kwamba mfanyakazi wa zamani mwenye dalili hizo anastahili kuonwa na daktari, na mafunzo ya kila wiki ndiyo nafasi nzuri ya kumtambua.

Wengine watauliza: watoto wanakufa kwa malaria, na wewe unataka wazee wacheze? Swali ni la haki. Lakini mpango huu hauchukui kitanda wala dawa ya mtoto yeyote. Unataka kivuli, viti, muuguzi mmoja kwa saa moja, na wahamasishaji wa afya wa mtaa ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Tena mtoto huyo, mara nyingi, ni bibi yake anayempeleka kituo cha afya.

Wengine watasema wazee wetu wanalima, hiyo ni mazoezi tosha. Kwa anayelima bado, jembe linasaidia. Lakini tatizo linaanza siku anapoacha. Mzee anaanguka mara moja, anaogopa, watoto wanamwambia akae tu. Anakaa. Miguu inapoteza nguvu, naye anaanguka tena kwa urahisi zaidi. Tunafikiri tunamheshimu kwa kumkalisha, kumbe tunamdhoofisha.

Kuhusu pesa, tusidanganyane. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa maeneo ya utawala ambako madini yanachimbwa, na inaidai kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa wazee haki ya ulinzi maalum. Jimbo la Lualaba, linalochimba kobalti inayotafutwa na dunia nzima, haliwezi kusema limekosa bei ya viti ishirini na kamba za kushika.

Ninaomba vitu vitatu. Idara ya afya ya jimbo ifundishe wauguzi wawili kwa kila eneo la afya, wakianza Kisenge. Makanisa, ambayo yana viti na yana wazee kila Jumapili, yafungue uwanja wao siku mbili au tatu kwa wiki. Na kila kituo cha afya kiandike katika daftari kila mzee aliyeanguka, saa ngapi na wapi, ili baada ya mwaka tujue kama tumefaulu.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee. Kila mwaka tunasikia hotuba siku hiyo. Mwaka huu tuanze na kiti, ukuta na mkono wa kushika.