Mwembe ukiangukia ua wa jirani



Ndugu msomaji, mji wetu wa Ujiji hautajwi pasipo kutajwa miembe. Mti huu asili yake ni Asia ya Kusini. Ulifika pwani, kisha ukapandwa kuelekea bara kando ya njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Chini ya mwembe ndipo inapoelezwa kuwa Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mwembe ule ulikwisha kufa zamani. Iliyopo leo mahali pale husemwa kuwa ni ya kizazi chake. Ikiwa mti mashuhuri kiasi hicho haukudumu, na ule ulio uani kwetu una siku yake.

Msimu mmoja wa mvua tulikwenda kutoa pole kwa familia ambayo jiko lake lililaliwa na mwembe wa jirani. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Mwenye mti alituambia: "Sheikh, hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, mimi sikuusukuma." Jirani yake akajibu kwa utulivu kwamba tangu mwaka uliotangulia alikuwa akimwonyesha uyoga ulioota shinani na jinsi mti ulivyozidi kuinama. Mwenye mti akanyamaza.

Kadari tunaiamini, lakini kadari haifuti dhamana. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wa Kihanafi, walipojadili ukuta ulioinama, walisema kuwa mwenyewe akionywa, akapata nafasi ya kuubomoa na asifanye, hulipa madhara utakapoanguka. Wanavyuoni wetu wa Kishafi wana maelezo tofauti juu ya ukuta uliojengwa wima kisha ukainama wenyewe. Hata hivyo, nao wamempa jirani haki ya kudai matawi yaliyoingia katika anga ya ua wake yaondolewe. Mwenye mti akikataa, jirani huyageuza, na isipowezekana huyakata.

Sisi tunaona kuwa aliyeonywa akapuuza hana udhuru. Ipo kanuni ya kisheria kwamba faida hufuatana na dhamana. Aliyekula embe za mti ule miaka yote, akaziuza na kupumzika kivulini, hawezi kumfanya jirani mshirika wake siku ya kuanguka tu. Upande wa pili, gogo ni mali ya mwenye mti hata likilala katika ua wa mwingine. Kulikatakata kuni bila idhini yake si halali.

Tena, tusifanye haraka ya shoka. Matawi yakigusa nyaya za umeme, asisogee mtu; waitwe TANESCO kwanza. Tawi lililobanwa chini ya shina huwa limejikunja kwa nguvu, na likikatwa hufyatuka na kumpiga mkataji. Kisiki kilichong'oka na mizizi yake huweza kurudi shimoni ghafla shina linapotenganishwa nacho. Kwa hiyo watoto wasicheze katika shimo hilo. Kazi hiyo apewe fundi mzoefu, na kutoa ujira wake si israfu.

Wala tusitoke hapo tukaifyeka miembe yote ya mji kwa hofu. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti alioupanda Muislamu huwa ni sadaka kwake. Tuupunguze matawi mti mzito, tusiikate mizizi yake kwa ajili ya msingi wa nyumba, na tunapopanda mwingine tuuweke mbali na ukuta wa mwenzetu.

Shauri la majirani wale lilikwisha siku ile ile baada ya swala ya alasiri, bila kufika mahakamani. Gogo liliuzwa kwa mpasua mbao, fedha zikanunua bati za jiko, na zilipopungua mwenye mti aliongeza kutoka mfukoni mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Basi leo, tukitoka msikitini, kila mmoja auzunguke mti wake na autazame shina. Na jirani akituonyesha uyoga, tumshukuru.