Udugu wa Pipa la Bia

Wapo wasomi wetu waliorudi kutoka Marekani wanaotuambia kwamba vyama vya wanafunzi wa kiume kule, vile vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki, ni jando la Wazungu, na kwamba mgeni asivilaumu. Mimi navilaumu.

Mwaka 1993 nilikaa miezi mitatu katika chuo kikuu kimoja cha huko kwa mafunzo ya walimu. Mwanafunzi mmoja akanialika kwenye karamu nyumbani kwa “ndugu” zake. Mlangoni walisimama vijana wawili. Wasichana walipita bila kuulizwa neno. Mvulana asiye mwanachama alirudishwa, labda awe ameleta wasichana. Chini ya nyumba palikuwa na pipa la bia na sakafu inayonata viatu. Sheria yao hairuhusu kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 21, na wengi mle walikuwa na 18 au 19. Nikauliza, mbona wasichana hawafanyi karamu kwao? Nikajibiwa kwamba vyama vyao vimepiga marufuku pombe katika nyumba zao. Basi pima mwenyewe, msomaji: mwenye pombe ni mwanamume, mwenye mlango ni mwanamume, na vyumba vya juu ni vyake. Ukarimu gani huo?

Ama hilo jando. Jando letu lilikuwa na makali yake, sikatai. Lakini lilikuwa na kungwi, mtu mzima aliyekabidhiwa watoto na wazazi wao na aliyepaswa kuwarudisha. Kule kijana wa miaka 20 ndiye anayemfunda wa miaka 18. Februari 2017, katika nyumba ya chama cha Beta Theta Pi huko Penn State, mwanafunzi wa miaka 19 aliyekuwa akiingizwa chamani alinyweshwa pombe, akaanguka kwenye ngazi. “Ndugu” zake wakamlaza kwenye kochi. Kamera za nyumba zilinasa mambo hayo. Ilipita karibu nusu siku ndipo wakaita msaada, naye akafa. Nyumba nzima, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwokoa!

Wananiambia vyama hivi vimetoa marais na majaji. Sawa, na hao wakubwa walikuwa wapi? Mpaka Desemba 2024 ndipo serikali yao kuu ikapata sheria ya kuvilazimisha vyuo kutangaza visa vya mateso ya namna hiyo. Nyumba hazikufungwa kwa sheria hiyo, na wazazi wanaendelea kulipa ada za uanachama.