IMANI SI DUKA



Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa uwanjani. Hawakufa kwa vita wala kwa njaa. Walikanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta walioambiwa kuwa ni ya upako.

Siwacheki marehemu hao, na atakayewacheka si mwenzangu. Mtu hasukumani kwa ajili ya mafuta ikiwa kwake dawa ipo, ada imelipwa na shamba limepata mvua. Ninaowalaumu ni wahubiri wanaofundisha kwamba utajiri ni cheti cha Mungu na ukata ni ushahidi wa imani haba. Kwa hesabu hiyo, mla fedha za ushirika ni mtakatifu, na mkulima wa kahawa aliyepunjwa kwenye mizani ni kafiri!

Wameyatoa wapi mafundisho hayo? Katika Injili, Yesu alimwambia kijana tajiri auze mali yake awape maskini. Kijana akaenda zake na huzuni. Angalieni vema: aliyeondoka na huzuni ni mwenye mali. Na Waislamu wanaijua sura ya At-Takathur, inavyowakemea wanaoshindana kwa wingi wa mali.

Lakini wako na wengine, nao siwaachi. Hao humwambia maskini aridhike, furaha yake iko mbinguni. Maneno hayo wazee wetu waliyasikia sana zamani za ukoloni, tena kutoka kwa watu walioshiba. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeshika dini yake, aliwaambia masista wa Maryknoll, New York, mwaka 1970, kwamba Kanisa lisiposhiriki kuupinga mfumo unaowatia watu katika umaskini na unyonge, halitakuwa na maana kwa binadamu. Hakusema waache kusali.

Na sisi watu wa siasa tusijitakase. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili, hisa katika makampuni na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Leo twapanda jukwaani kuwaonya vijana wasiabudu mali.

Juzi, katika mkutano wa tawi, kijana mmoja aliniuliza: "Ndugu, mkubwa yule aliyekuja na gari lile kutuhimiza turidhike, yeye ameridhika na nini?"

Sikuwa na jibu.