Darasa la Kwanza la Filamu Liko Mnazi Mmoja

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, vijana huandikishwa vyuoni kusomea utayarishaji wa filamu na televisheni. Wapo wanaokuja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo wanaokwenda Bagamoyo katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, na wapo wanaojiunga na vyuo binafsi vilivyotapakaa mijini. Wote huja na hamu moja, nayo ni kushika kamera. Mara nyingi jibu wanalolikuta ni kwamba wasubiri. Vifaa ni vichache na wanafunzi ni wengi, hivyo mwaka wa kwanza hupita katika kunakili fasili za maneno ubaoni, na kijana hufika mwaka wa pili akiwa anaweza kufasili filamu bila kuwahi kutengeneza hata moja ya dakika tatu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba misingi ya fani hii haikufungiwa katika chumba cha vifaa. Imetandazwa mtaani, hususan katika eneo linaloanzia viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Soko la Kariakoo. Kinachomzuia mwanafunzi asiifikie ni taratibu zetu za ufundishaji na za vibali, na taratibu hizo ziko ndani ya uwezo wetu kuzibadili.

Tuanze na misingi yenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kujua mambo manne: mwanga, sauti, fremu na mfuatano wa picha.

Kuhusu mwanga, hakuna mwalimu mkali kuliko jua la saa sita mchana mtaani Kariakoo. Linapiga utosini, na macho ya mtu yanazama kivulini. Mwanafunzi akipima mwanga kwa ajili ya uso wa muuza vitenge aliyekaa chini ya turubai, barabara iliyo nyuma yake inaungua na kuwa nyeupe tupu. Akipima kwa ajili ya barabara, uso wa yule mama unageuka kuwa kivuli kisicho na mwenyewe. Hapo ndipo kijana anapojifunza kumsogeza mhusika wake kwenye ukingo wa turubai, kutumia shuka jeupe kurudisha mwanga usoni, au kungoja saa kumi na moja jioni jua likiwa limelegea. Somo hili ni la kisiasa pia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisawazisha rangi za picha kwa kutumia kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitetee yenyewe. Kijana wetu anayejifunza kuupima uso mweusi kwa haki anarekebisha kosa ambalo wenye viwanda hawakuliona kuwa kosa.

Kuhusu sauti, sikio la binadamu huchagua, ilhali kipaza sauti hakichagui. Spika ya mfanyabiashara inayorudia bei ileile asubuhi hadi jioni, honi za bodaboda, jenereta, adhana na vishindo vya mikokoteni, vyote huingia kwa haki sawa na maneno ya anayehojiwa. Mwanafunzi anayerekodi kwa kipaza sauti cha juu ya kamera atarudi chuoni na kelele. Atakayekisogeza karibu na kinywa cha msemaji, kisha akarekodi dakika nzima ya sauti ya mahali bila mtu kuzungumza ili imsaidie wakati wa uhariri, huyo ameanza kuwa mtaalamu. Mtazamaji huvumilia picha yenye dosari. Akishindwa kusikia, huondoka.

Mfuatano wa picha hufundishwa na umati. Mchukuzi mwenye gunia akitoka kushoto kwenda kulia katika picha ya kwanza, kisha kulia kwenda kushoto katika ya pili, mtazamaji ataamini kwamba amerudi alikotoka. Ukiichora kanuni hii ubaoni, inasahaulika. Mwanafunzi akimfuata mchukuzi mmoja kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Msimbazi, kisha akagundua mezani kwamba safari yake haieleweki, hataisahau tena.

Nimeiacha fremu hadi mwisho kwa sababu ndiyo inayotutoa katika ufundi na kutuingiza katika historia. Kuweka fremu ni kuamua nani aonekane na nani aachwe nje. Mnazi Mmoja penyewe ni fremu iliyochorwa na wakoloni. Katika mipango yao ya mji, eneo hili la wazi lilitenganisha makazi ya Waafrika, Kariakoo, na upande wa Uhindini na Uzunguni. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, cha Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni jina la watu waliobeba mizigo ya wengine. Hata hivyo, pembezoni mwa mpaka huohuo, Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na ndipo chuo chetu kikuu kilipoanza Oktoba 1961 kwa darasa dogo la sheria ndani ya jengo la chama, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Kumtaka mwanafunzi wa leo ashuke Mnazi Mmoja ni kumrudisha mahali ambapo chuo chake kilizaliwa.

Historia ya kamera katika nchi hii nayo inatudai tuulize swali hilohilo: nani anatazama, na nani anatazamwa? Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kikoloni ulitengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo bora, afya na utii kwa taratibu za serikali, kisha zikazungushwa kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati. Mwafrika aliigiza na kusaidia kazi. Hakuamua nini kisimuliwe. Baada ya uhuru, serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ikatupatia kazi kama Fimbo ya Mnyonge na, baadaye, Arusi ya Mariamu. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Nilipowahi kuwauliza wanafunzi darasani ni nani aliyewahi kuiona filamu yoyote ya kampuni ile ya taifa, hakuna aliyenyoosha mkono. Tunawafundisha kuongea kabla hawajasikia waliowatangulia walisema nini.

Pengo lililoachwa na dola lilizibwa na Kariakoo. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 mara nyingi hutajwa miongoni mwa zilizofungua njia ya kile tulichokuja kukiita Bongo Movie, na mitaa ya Kariakoo ikawa kitovu cha kurudufu na kusambaza kanda, kisha diski. Wasomi wengi walizicheka filamu hizo, wakisema ni za sebuleni, za magari ya kuazima na maneno mengi. Ni kweli nyingi zilikuwa hivyo. Lakini tujiulize kwa nini zilijifungia sebuleni. Sebule haidai kibali, haina kelele, haina mgambo, na mwenye nyumba ni rafiki wa mtayarishaji. Tulichokiita udhaifu wa sanaa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, matokeo ya barabara iliyofungwa.

Kariakoo inafundisha pia somo ambalo vyuo huliacha hadi mwaka wa mwisho, au hulisahau kabisa, yaani somo la mkataba. Kwa miaka mingi utaratibu ulioenea ulikuwa mtayarishaji kumuuzia msambazaji filamu pamoja na haki zake kwa malipo ya mara moja. Msambazaji aliuza nakala alizoweza, na aliyeibuni kazi hakuwa na cha kudai tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ilikuwapo, na mwaka 2013 zikaja stempu za kodi katika kazi za muziki na filamu. Lakini sheria haimlindi mtu ambaye amekwishauza kila kitu kwa sahihi moja akiwa na njaa. Leo diski zimekufa na kazi zimehamia mitandaoni, ila mkataba wa namna ileile unaweza kumfuata kijana hukohuko. Mwanafunzi anayejua kupima mwanga na hajui kusoma kifungu cha uhamisho wa haki ni mpagazi mpya: atabeba, wengine watauza.

Sasa tuje kwenye kikwazo kikuu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inamtaka anayetaka kutengeneza filamu kupata kibali kwanza. Sheria hiyo ilitungwa wakati kamera ilikuwa chombo cha taasisi, chenye gharama kubwa na watu wa kukibeba. Leo kila kijana anayepita Msimbazi ana kamera mfukoni. Matokeo yake ni kichekesho chenye uchungu: mwenye simu anapiga picha atakavyo, anazirusha mtandaoni kabla hajafika kituo cha mwendokasi, na hakuna anayemuuliza neno, mwanafunzi aliyesimamisha kamera juu ya stendi, aliyetumwa na mwalimu wake, huulizwa kibali kabla ya kuulizwa jina. Kwa hali hiyo tunamwadhibu yule pekee aliyekuja kujifunza kufanya jambo hili kwa nidhamu.

Wapo watakaonipinga, nao wana hoja. Watasema kwamba Kariakoo si bustani ya wanyama, na kwamba wafanyabiashara wamechoka kufanywa mandhari ya picha za watu. Soko lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, na jengo la ghorofa lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, simu ziliinuliwa juu haraka sana. Mtu aliyefunikwa na vumbi, anayelia kumtafuta ndugu yake, akawa picha ya kusambazwa. Nakubaliana na uchungu huo kikamilifu. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotukumbusha kwamba habari za mtu ni mali yake kwanza.

Lakini hoja hiyo inadai mafunzo, haidai kufuli. Adabu ya kamera haifundishwi kwa kumzuia mtu asiishike. Hufundishwa kwa kumtuma kijana kwa mama lishe wa Mnazi Mmoja bila kamera siku ya kwanza, aseme, "Shikamoo mama," ajitambulishe, aeleze anasoma nini na picha zitakwenda wapi, kisha asubiri jibu. Mama akisema, "Marahaba mwanangu, ila leo sina nafasi," kijana aondoke kwa heshima, arudi kesho. Akisema hapana, iwe hapana. Ridhaa ni msingi wa tano wa fani hii, na pengine ndiyo ungepaswa kuwa wa kwanza. Hakuna hati ya wizara inayoweza kuchukua nafasi yake, kwa maana kibali cha ofisini hakijamuuliza mama lishe chochote.

Napendekeza mambo matatu, na ninawaelekeza watu watatu.

Kwa watumishi wa umma walioko Bodi ya Filamu na katika halmashauri ya jiji: wekeni utaratibu wa kibali cha mwanafunzi. Kiwe hakina ada, kitolewe kwa barua ya chuo, kitaje maeneo na muhula, na kihusu mazoezi yasiyouzwa. Nakala yake ipelekwe kwa uongozi wa soko na kwa wasimamizi wa mgambo, ili kijana asilazimike kujieleza upya kila kona. Utaratibu kama huu haudhoofishi sheria. Unaitofautisha biashara na elimu, tofauti ambayo serikali inaitambua katika mambo mengine mengi.

Kwa walimu wenzangu: tusiufanye uhaba wa vifaa kuwa mtaala. Simu moja kwa wanafunzi watano, kipaza sauti kimoja cha bei nafuu na shuka jeupe vinatosha muhula wa kwanza. Hakimiliki na mikataba vihamishwe kutoka mwaka wa mwisho hadi mwaka wa kwanza. Na tuwaonyeshe filamu zetu za zamani, zile za kampuni ya taifa na zile za Kariakoo tulizozidharau, kabla ya kuwaonyesha za Hollywood. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Ilifika huko ikiwa imebeba Zanzibar, lugha yake na watu wake. Haikuhitaji kuiga mtu.

Kwa wanafunzi: msichukue picha na kutoweka. Kila muhula unapokwisha, tandikeni shuka lilelile jeupe jioni katika viwanja vya Mnazi Mmoja, muwaonyeshe mchukuzi, muuza vitenge na mama lishe kile mlichokifanya na sura zao. Wakikaa hadi mwisho, mmefaulu. Wakinyanyuka katikati, waulizeni kwa nini, muandike majibu yao.

Mwaka mpya wa masomo utaanza tena, na vijana watakuja na hamu ileile. Barua moja kutoka chuoni kwenda Bodi ya Filamu, ikijibiwa ndani ya muda unaofaa, inatosha kuanzisha jambo hili kwa majaribio katika muhula mmoja. Walio na mamlaka ya kuiandika na walio na mamlaka ya kuijibu ni miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu.