Baba anaporudi kwenye gemu

Wazazi wengi wa Morogoro walioshika pedi enzi za PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, waliiweka chini walipoanza kazi na kulea. Sasa mvua za masika zikitanda Uluguru na watoto wakibaki ndani, baadhi yao wanaishika tena. Mchezo wa FIFA waliouzoea umeitwa EA Sports FC tangu 2023, na vidole vimekuwa vizito: mtoto anamfunga baba mabao matano.

Mzazi, usione haya. Mwombe akufundishe. Mtoto anayemwelekeza baba yake hujiamini, na katikati ya mechi huweza kutaja hata jambo la shuleni linalomsumbua. Ila kubalianeni idadi ya mechi kabla ya kuwasha. Ukizidisha wewe, yeye utamkatazaje?